Vidole Viwili

Kiti cha mgeni katika ofisi ya gavana
ni kifupi kuliko macho yanavyokuambia.
Ninajua, maana baba yangu ndiye aliyekikata,
Januari ile ya joto la kuyeyusha gundi koponi,
Jemadari aliposhuka kwenye treni mkoani kwetu,
akakikalia, akainuka, akakizunguka, akasema:
"Toa vidole viwili. Miguu yote minne.
Anayekuja kuomba aombe kutoka chini,
na asijue kwa nini shingo inamuuma."

Baba alipima kwa vidole vyake mwenyewe.
Hesabu kama ile haiandikwi.
Mti wenyewe lapacho, mgumu kama mdai;
msumeno ulilia mchana kutwa,
na vipande vinne vilivyoanguka
alivifunga kitambaani, akaviweka juu ya kabati
kama mzazi anavyohifadhi meno ya mtoto.

Kisha Jemadari akaondoka, usiku,
kwa ndege ndogo na masanduku kumi na moja.
Tukaivuta sanamu yake kwa kamba.
Nilikuwa na miaka tisa, nami nilivuta,
viganja vikaniwaka wiki nzima kwa raha.
Barabara ikapewa jina jingine. Shule pia.
Eusebio muuza barafu, aliyempa mwanawe jina la mkubwa,
akaenda kwa padri kuuliza kama ubatizo unafutika.

Kiti hakuna aliyekitazama.
Kiti hakina masharubu.

Magavana wakapishana:
daktari wa meno, mfuga ng'ombe,
halafu Doña Higinia, aliyelia siku ya kiapo,
na machozi yalikuwa ya kweli, nilisimama karibu.
Kila mmoja alisema, "Mlango wangu u wazi."
Ulikuwa wazi.
Watu waliingia wima,
wakatoka wakisugua shingo.

Mwaka huu tumemchagua Nery Cañete,
kijana wa raba miguuni, anayekunywa terere
na walinzi wake kwa mrija mmoja.
Nilimpigia kura. Nilimpigia na kampeni.
Akaniita: kiti cha mgeni kinayumba.

Nikakipindua. Chini, kwenye mguu wa nyuma,
alama ya penseli ya baba, imekolea bado.
Basi nikamweleza yote,
nikafungua kitambaa juu ya meza yake.
"Gundi na vijiti," nikasema, "saa mbili tu,
kinarudi kimo alichokipa fundi."
Nikakikalia nijaribu uzito.
Yeye alikuwa upande wa pili.
Akanitazama, na nikaona macho yake
yakigundua yanapenda kutazama kutoka pale.

"Si kwa ubaya, Fermina," akasema taratibu.
"Watu wamekizoea. Kikaze tu.
Urefu uache ulivyo."

Si mtu mbaya. Alinishika mkono, akanisindikiza hadi ngazini.
Barazani wanamwita mwenyekiti.
Mimi nimeishi na viti tangu kuzaliwa:
kiti ndicho chenye mtu.

Nikakikaza. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi.
Kwenye risiti niliandika "matengenezo",
nikachukua pesa, kwa kuwa umeme wa karakana
nilikuwa nadaiwa miezi miwili.

Jioni nikarudi. Arsenio, mwanafunzi wangu,
alikuwa anachonga kijiko kwenye kigoda cha wanafunzi,
kigoda kile kile nilichokalia mimi
baba aliponifundisha kushika patasi.
Nikamwambia kijiko kimepinda.
Akainua uso kunijibu, akauinua mbali sana,
mkono mmoja nyuma ya shingo.

Nikanyamaza.
Nikaenda ukutani, nikatoa futi kamba,
nikapiga magoti sakafuni, kwenye maranda.
"Bibi fundi," akauliza, "tunapima nini?"